Bosi Akitoka, Nani Anabaki Dukani?

Ukitaka kujua kama biashara itadumu, usitazame bango wala rangi ya ukuta. Mtazame mfanyakazi pale bosi anapotoka.

Nalisema hili nikiifikiria Lushoto, kule kwenye milima ya Usambara. Mboga na matunda ya huko hushuka na malori, kilometa 30 na ushee za kona kibao hadi Mombo, kisha Tanga na Dar es Salaam. Mnunuzi wa Kariakoo hakuwepo tenga la nyanya lilipofungwa. Mfungaji akipanga nzuri juu na mbovu chini, anayeharibikiwa jina ni mwenye mzigo. Shamba la Irente nalo, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, watu hulifuata kwa jibini, jamu na mkate wake. Mteja haingii jikoni kukagua. Anakula kwa kuiamini mikono ya watu asiowajua.

Sasa hiyo tabia inatoka wapi? Waajiri wengi hudhani inakuja pamoja na cheti. Wapi! Nina rafiki mwenye mgahawa mdogo hapo Lushoto. Kuna kipindi chenji zilikuwa hazirudi sawa, wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja. Akataka kuwafukuza vijana wake wote watatu. Nikamwuliza, "Shoga yangu, mshahara unawalipa tarehe ngapi?" Akanyamaza. Kumbe alikuwa analipa akijisikia, na kosa la kijana alilitangaza mbele ya wateja.

Hakumfukuza mtu. Alianza kulipa tarehe ile ile kila mwezi. Hesabu za jioni wakawa wanazifunga pamoja, na aliyekosea anaitwa pembeni. Mmoja yalimshinda, akaondoka mwenyewe. Wawili waliobaki ndio wanaoshika funguo siku hizi mama akishuka Tanga.

Sisemi mwizi abembelezwe. La hasha! Lakini wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mfanyakazi naye ni hivyo hivyo. Anakusoma wewe kabla hajaisoma kazi. Ukimpunja mteja mbele yake, umeshamfundisha; kesho atakupunja wewe.

Hebu jiulize leo: ukisafiri wiki nzima, ukirudi utakuta duka au utakuta madeni?