Wakazi wa Mzizini

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kikutibucho ki wapi, hawakusema. Swali hilo ndilo lililomkesha maabarani mwanafunzi mmoja wa biolojia kutoka Kwale, mbele yake kipande cha mzizi wa mwarobaini alichopewa na nyanya yake, ambaye amewachemshia wanakijiji dawa tangu ujana wake. Mwanafunzi aliwatafuta bakteria waishio ndani ya mmea bila kuudhuru, ambao wanasayansi huwaita endofaiti. Baadhi yao hutengeneza kemikali za kumkinga mwenyeji wao, na huenda sehemu ya sifa upewayo mti ni yao.

Mzizi huoshwa, hutumbukizwa katika ethanoli ya asilimia 70, kisha katika dawa ya klorini, halafu husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyotakaswa. Shabaha ni kuwaua wote walio juu ya ganda pasi na kuwagusa waliomo ndani. Dawa ikizidi, wakazi huangamia. Ikipungua, wapita njia wa udongoni hujitia ukazi. Kwa hiyo maji ya suuzo la mwisho nayo hupewa sahani yake ya agari. Likimea doa moja tu humo, matokeo yote hayaaminiki.

Doa lilimea. Mzizi nao ulikuwa umekwisha.

Aliporudi kijijini kuomba mwingine, nyanya alikataa. "Mjukuu wangu, mti huu nimeuchimba juzi upande wa mashariki. Ngoja upone." Mwanafunzi alinung'unika, kwani tarehe ya kuwasilisha ripoti haikumngoja mwarobaini.

Lakini kutoka uani pale, vilima vya Shimba vinaonekana. Humo, katika miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii zilikusanywa kwa utafiti wa saratani uliofadhiliwa na Marekani. Kilichosakwa ni maitansini, kemikali ambayo Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 kutokana na mmea wa jamii hiyo hiyo. Inaelezwa kuwa mimea mikubwa yote ya aina hiyo mahali pale ilimalizwa. Mwaka 2013, dawa ya saratani ya matiti iliyotokana na maitansini iliidhinishwa Marekani. Mwaka uliofuata, watafiti walionyesha kwamba katika Putterlickia, mimea jamaa ya kusini mwa Afrika, maitansini hutengenezwa na bakteria wa mizizini. Laiti hilo lingalijulikana kabla ya mapanga kuingia Shimba! Si kwamba ingalikuwa rahisi: bakteria wengi wa aina hii hukataa kumea nje ya mmea, na wengine wakishamea husahau ufundi wao.

Miezi ilipita, nyanya akachimba upande wa magharibi, akafukia shimo kwa mikono yake. Safari hii sahani ya suuzo ilibaki safi. Siku ya tisa, kando ya kipande cha mzizi, liliota doa jeupe lenye ungaunga, likinuka udongo ulionyeshewa mvua. Kama litaua kiini chochote cha ugonjwa, majaribio yangali mbele. Mwanafunzi alifungua daftari, na penye neno "chanzo" akaandika jina la nyanya yake, kisha akaongeza upande wa mti uliochimbwa.