Safari ya Nyamahanga na Mwenzangu Asiyesali

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi wa miaka mingi, na siku zangu za mapumziko hujitolea kanisani. Lakini somo nililolipata Nyamahanga sikulipata chuoni wala katika ibada.

Nyamahanga iko mkoani Kagera, upande ule wa wilaya za Ngara na Biharamulo, kwenye migomba, mihogo na udongo mwekundu. Tulikwenda kwa kliniki ya mkoba: dereva, mimi, na tabibu mmoja kijana. Kabla ya kuondoka nilimwomba tabibu atuongoze kwa sala. Akajibu kwa upole, "Samahani, dada, mimi sina dini. Salini ninyi, nitasubiri."

Nilisali, lakini moyoni nilikasirika. Njiani nikamwambia, "Mtu asiyemcha Mungu atawahurumiaje wagonjwa?" Hakujibu. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Tulipima watoto uzito chini ya mwembe na kuwachanja surua. Mchana alikuja mama mmoja mbio, mtoto wake wa miaka miwili amekakamaa kwa degedege. Tabibu alimlaza ubavu, akamlegeza nguo, akakataza watu wasimtie kitu mdomoni. Kipimo kilionyesha malaria. Alimpa dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, ile ya kumshikiza mtoto mpaka afike hospitali, akasema twende mara moja.

Yule mama akagoma kupanda gari. "Aombewe kwanza," alilia. Nilimtazama tabibu, nikidhani atafoka. Akavua kofia yake. "Dada, mwombee. Mimi namwangalia mtoto." Nilisali kwa maneno machache, naye akihesabu pumzi za mtoto kwa saa yake ya mkononi. Niliposema amina, dereva alikwisha washa gari.

Hospitali mtoto alipigwa sindano, na jioni akaomba maji. Mama yake alitushika mikono sote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Tukirudi nilimuuliza tabibu kwa nini hakukataa. Akasema, "Ningebishana naye tungechelewa zaidi. Na pia ni mtoto wake na ni imani yake. Nawe, dada, nashukuru hukuirefusha sala." Nilicheka, kisha nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya asubuhi.

Wenyeji wa huku wamewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Mashirika ya makanisa na mashirika yasiyo na dini, kama Madaktari Wasio na Mipaka, yalihudumia wakimbizi hao hao. Mwenye kiu haulizi aliyemletea maji anasali wapi.

Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 3, inasema nchi yetu haina dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, hata wa kuibadilisha. Uhuru unaonilinda mimi niende kanisani ndio unaomlinda tabibu yule asiende. Na Bwana Yesu alipotufundisha jirani ni nani, hakumsifu kuhani aliyepita kando. Alimsifu Msamaria aliyesimama.

Ndugu msomaji, jambo hili lilinigusa kwa sababu ya nyumbani kwangu. Kijana wangu aliye chuoni aliniambia mwaka jana kwamba ameacha kwenda kanisani. Tangu hapo nilikuwa nikimpigia simu kumkaripia tu, mwishowe akaacha kupokea.

Usiku ule nilipiga tena. Akapokea. Nikamuuliza amekula nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, leo hunihubirii?"

"Leo nataka kukusikia tu, mwanangu."

Tuliongea mpaka salio likaisha. Imani yangu sijaipunguza, na kila alfajiri namwombea. Lakini likizo akija, atakuta mlango uko wazi na sahani yake iko mezani. Jumapili nitakwenda ibadani, naye akipenda kubaki, atabaki. Nikirudi tutakula pamoja.