Safari ya Jamaa Kwenda Ziwa Mburo

Mtoto wa makazi ya Nakivale aulizwapo punda milia ni mnyama gani, mara nyingi huonyesha picha iliyomo kitabuni. Hajui ya kuwa punda milia wenyewe wanakula majani si mbali na kwao, ng'ambo ya vilima na vinamasi vinavyoliunganisha Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo. Mtoto wa askari anayekaa kambini Makenke, karibu na mji wa Mbarara, pengine amewahi kuwaona mara moja tu, basi lilipokuwa likipita mbio katika barabara kuu iendayo Masaka. Watoto wote wawili ni majirani wa mbuga ya taifa, na wote wawili ni wageni kwake.

Lawama si ya wazazi. Wengi hudhani kuwa mbuga ni mahali pa watalii wenye kamera kubwa na fedha za kigeni. Wengine hupanga siku moja kuwapeleka watoto Entebbe, kwenye bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1952. Bustani hiyo ni nzuri, na humo mtoto ataona simba na sokwe kwa karibu. Lakini kutoka Mbarara hadi Kampala peke yake ni kilomita 270 hivi, na Entebbe iko mbele zaidi. Safari hiyo yataka siku nzima ya kwenda, mahali pa kulala, na nauli ambayo mshahara wa askari au mavuno ya mkulima wa Nakivale huishiwa nguvu kuibeba. Ziwa Mburo ni safari ya siku moja. Anayetoka alfajiri aweza kurudi nyumbani kabla ya chakula cha usiku, ikiwa tu amepanga mambo yake.

MAHALI PENYEWE

Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo ina ukubwa wa kilomita za mraba 370 hivi. Si kubwa ikilinganishwa na mbuga nyingine za Uganda, lakini ina mambo yake. Ni hapa ambapo swala pala wanaonekana kwa makundi, nao ni nadra sana kwingineko katika nchi hii. Wazee husema mji wa Kampala ulipata jina lake kwa swala hao hao, waliokuwa wakichungwa katika vilima vya Buganda zamani za wafalme. Mtoto anayetaja jina la mji mkuu kila siku ana haki ya kumwona mnyama aliyeupa jina hilo.

Pamoja na swala pala wapo punda milia wengi, nyati, ngiri, kuro, nyamera, na pofu, yule swala mkubwa kupita wote. Twiga nao wapo: mwaka 2015 waliletwa 15 kutoka mbuga ya Murchison Falls, kwa kuwa huku miti ya migunga imezidi, na twiga ni mlaji wake hodari. Majini mna viboko na mamba, na aina za ndege zinazidi 300, miongoni mwao furukombe na mdiria. Chui yupo, lakini hutembea usiku.

Ni vema watoto waambiwe mapema yasiyokuwapo. Tembo hawapo. Simba wa sehemu hii waliuawa na binadamu miaka mingi iliyopita. Mtoto aliyeahidiwa simba atarudi akinung'unika, hata kama ameona punda milia 100. Aliyeahidiwa punda milia akaona na twiga atasimulia mwaka mzima.

ARDHI YENYE HISTORIA

Mzazi mwenye busara hatawaonyesha watoto wanyama tu na kuinyamazia ardhi. Sehemu hii ilitengwa kwa uwindaji wenye masharti mwaka 1933, na katika miaka ya 1960 ikawa pori la akiba. Mwaka 1983 ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa, na wafugaji na wakulima waliokuwamo wakaondolewa kwa nguvu. Serikali ya wakati huo ilipoanguka mwaka 1985, wengi walirudi kwa hasira, wakavunja majengo na kuua wanyama, kwa sababu machoni pao mnyama ndiye aliyewafukuza. Baadaye serikali iliyofuata ikaipunguza mbuga ili watu wapate ardhi.

Habari hizo hazihitaji kufafanuliwa sana kwa watu wa Nakivale. Makazi yao yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko. Leo wamo watu zaidi ya 200,000, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wao wanajua maana ya kuambiwa ondoka. Mbuga isiyopendwa na jirani zake hailindiki kwa bunduki peke yake; askari wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo sababu sheria imeagiza asilimia 20 ya ada za viingilio irudishwe kwa jamii zinazopakana na mbuga. Kila tiketi inayokatwa langoni huacha sehemu yake kwa majirani.

MAANDALIZI

Kwanza ni wakati. Miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, ndiyo bora, kwa kuwa majani ni mafupi na wanyama husogea karibu na maji. Askari na aombe likizo yake iangukie likizo ya shule. Siku yenyewe, safari ianze kabla ya jua kuchomoza. Jua likiwa kali wanyama hujificha vivulini, na mgeni aliyefika saa saba mchana huona miti.

Pili ni usafiri. Kutoka Mbarara hufuatwa barabara ya Masaka hadi Sanga, takriban kilomita 37, kisha hukatwa kulia na kufuata barabara ya vumbi, kilomita 13 hivi. Wanaotoka Nakivale hupitia Mbarara kwanza, basi heri walale mjini kwa ndugu au rafiki usiku wa kuamkia safari. Jamaa tatu au nne wakikodi basi dogo kwa pamoja, gharama hugawanyika na kuwa nyepesi. Pikipiki si chombo cha kupitisha watoto kati ya nyati.

Tatu ni ada, na hapa ndipo safari nyingi huharibikia langoni. Ada hutofautiana kwa umri na kwa uraia, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kidogo kuliko mgeni wa mbali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Ethiopia na Eritrea hazimo. Kwa hiyo majirani wawili wa Nakivale, wanaochota maji bomba moja, waweza kuulizwa maswali tofauti langoni. Haifai kukisia. Kiongozi wa msafara na aiulize mapema Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, akitaja idadi ya watu, umri wao na vitambulisho walivyo navyo. Aulize pia namna ya kulipa, maana kwenda na noti mkononi mahali panapotaka malipo ya simu au benki ni kurudi na noti hizo hizo.

Nne ni karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Aende kwanza ofisi ya makazi, aeleze safari yake na kupata barua ya ruhusa, ili asisimamishwe njiani mbele ya watoto wake. Askari aliye likizoni naye avae nguo za kiraia na aache silaha kambini. Siku hiyo yeye ni baba.

Tano ni chakula. Mama wa nyumbani apike usiku: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati, na maji ya kutosha ndani ya madumu. Nyani na tumbili wa mbugani ni wezi stadi. Chakula kisifunguliwe ovyo, wala wasipewe hata ganda la ndizi. Takataka zote zirudi na wenyewe. Sweta za watoto zisisahauliwe, kwani asubuhi za Ankole ni baridi.

MASHUA NA HADITHI YAKE

Jamaa ikiwa na akiba kidogo, ichague safari ya mashua, ya saa mbili hivi, inayoanzia karibu na makao makuu ya mbuga huko Rwonyo. Viboko huonekana kwa karibu, na mamba hulala ukingoni kama magogo. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, wala asitie mkono majini.

Hapo ndipo pa kuwasimulia watoto hadithi ya wenyeji. Ndugu wawili, Kigarama na Mburo, walikaa katika bonde hili. Kigarama akaota ndoto kwamba hatari inakuja, akamsihi nduguye wahame. Mburo akapuuza. Kigarama akapanda vilimani na jamaa yake. Maji yakaja, Mburo akazama. Vilima vikaitwa kwa jina la aliyesikia, na ziwa kwa jina la asiyesikia.

Onyo hilo halijazeeka. Mto Rwizi unatoka vilima vya Buhweju, unapita mjini Mbarara ambako hunywesha maelfu ya watu, kisha unaingia katika vinamasi na maziwa ya Mburo na Nakivale. Taka zinazotupwa mjini, na vinamasi vinavyolimwa hadi ukingoni, humfikia kiboko wa Mburo na mvuvi wa Nakivale kwa pamoja. Katika zamani za Kigarama hatari ilikuwa maji kujaa. Leo ni maji kupungua na kuchafuka. Mtoto aliyeona kwa macho yake ni nani wanaokunywa baada yake, atafikiri mara mbili kabla ya kutupa chupa mtoni.

Jioni, gari na litoke mbugani kabla ya giza. Watoto watasinzia njiani. Kesho yake wapewe karatasi na penseli wachore walichokiona, kila mmoja kwa namna yake, na waandike chini ya picha jina la mnyama katika lugha ya nyumbani kwao na kwa Kiswahili.