Amana ya Msemaji

Mtu apewaye nafasi ya kusema mbele ya watu hupewa amana. Yamkini wewe, msomaji, siku moja utaombwa uongoze arusi ya nduguyo. Nisikilize basi, nikueleze jinsi nilivyojifunza kazi hiyo kwa aibu.

Mimi ni mwalimu, na katika Kitui na Makueni mwalimu huitwa katika kila jambo litakalo maneno. Shule zifungwapo, kila Jumamosi huvuka mto Athi kwenda kuongoza arusi. Lakini mwongozaji hafungishi ndoa. Huko Australia, tangu mwaka 1973, serikali huwapa raia wa kawaida idhini ya kufungisha ndoa. Kwetu sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na kila moja ina wenyewe. Kwa mila ya Wakamba, ndoa haihesabiwi mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa wazazi wa msichana. Fungu langu ni maneno tu, fundo likiisha kufungwa. Hata hivyo, maneno yaweza kumtoa mtu nje ya arusi hali amekaa ndani yake.

Karibu na Wote niliongoza arusi ya msichana aliyelelewa na nyanya yake tangu uchanga. Nilisema Kiingereza cha kitabu na Kiswahili cha fahari. Wageni waliotoka Nairobi niliwashukuru mmoja mmoja kwa vyeo vyao, nao wakanipigia makofi. Chakula kilipoandaliwa, niliinama kumwamkia yule bibi, ambaye hakujua lugha ila Kikamba. Akaniuliza, "Mwanangu, mlikuwa mkimsema nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza ili ajue. Alikuwa amesuka viondo na kuuza mbuzi ili kumsomesha mjukuu wake, naye hakujua kama ameshukuriwa. Naam, hakushukuriwa.

Tangu siku hiyo, wiki moja kabla ya arusi, huenda katika nyumba zote mbili na daftari langu. Huwauliza maarusi: Nani aliyewalea? Nani atakayekuwapo asiyejua lugha hii, au asiyesikia, au asiyeona? Nani amefariki nanyi mngependa atajwe? Majibu yao ndiyo hotuba yangu. Huko Mutomo, ndugu ya bwana arusi alikuwa kiziwi. Tulimweka kando yangu mtu ajuaye lugha ya ishara, na utani uliposemwa, kijana yule alicheka pamoja na wenzake, si baada yao.

Baada ya majuma matatu nilirudi kwa yule bibi, nikamwambia kwa Kikamba yote niliyopasa kuyasema siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti na uji. Kisha akasema, "Maneno yako ni mazuri, mwalimu. Lakini waliopasa kuyasikia wamekwisha kwenda kwao."

Nilikunywa uji wake kimya. Nawe, msomaji, siku utakayosimama mbele ya watu, usitazame kwanza viti vya mbele. Mtafute aliyeketi nyuma, umshukuru wakati watu wangalipo.