Pua Matopeni

Mswada wangu ulirudi Ijumaa, kingo zimekunjamana. Mama kauliza, nikanyamaza. Usiku nikamkumbuka Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, nia yake New York. Baada ya saa 21 hivi injini ikakohoa, ikazimika: barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tangi, mafuta hayaji. Akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, pua ya ndege ikazama matopeni, naye akaumia kichwa. New York hakufika na ndege ile, lakini bahari alishaivuka! Kitabu chake cha 1942 kilisahaulika, kikachapwa upya 1983, angali hai akakiona kikisomwa. Basi jamani, leo nimenunua bahasha nyingine.