Kipaji cha Kijana na Maisha Baada ya Mbio

Katika familia zetu za Mara, kijana akidhihirisha kipaji cha michezo, wazee hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaouona mchezo kuwa upuuzi unaomtoa mtoto katika masomo na sala, na wapo wanaouona kuwa njia ya haraka ya kuitoa nyumba katika dhiki. Makundi yote mawili huitazama miguu ya kijana na kusahau kuuliza: siku miguu hiyo itakapochoka, mwenyewe atakuwa nani?

Swali hilo limetufikia nyumbani mwaka huu. Dada yangu mkubwa, mjane anayeishi Butiama, ana mwana wa kidato cha tatu ambaye hushinda mbio ndefu za shule. Alijiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa wanariadha. Mtu huyo alitaka kijana aache shule aende kambini, na mama atoe fedha za pasipoti na vipimo vya afya. Dada alikwisha kuazimia kuuza ng'ombe wawili alioachiwa na marehemu mumewe. Akaniita, kwa kuwa mimi ndiye mjomba, nitoe kauli.

Nilianza na habari za mtu wa kwetu, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mwaka 1953. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, alitwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 21.60. Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa chini ya sekunde moja. Nishani hiyo, pamoja na ya Filbert Bayi katika michezo hiyo hiyo, ndizo pekee ambazo Tanzania imezipata katika Olimpiki hadi ile ya Paris ya mwaka 2024.

Kijana alikuwa akizijua habari hizo za nishani. Nilitaka autazame mpangilio wa maisha yenyewe. Wakati anakimbia Moscow, Nyambui alikuwa na miaka 27, naye ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Baadaye aligeukia marathoni, akashinda ile ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa amekwisha kuvuka miaka 30. Mbio zilipokwisha, akawa mwalimu wa riadha, na baadaye Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Yale aliyojifunza kwa miguu yake, akayahamishia kwa miguu ya wengine.

Na kazi hiyo ya kufundisha viungo si kupuliza filimbi tu. Mazoezi huuchosha mwili, nao hujijenga upya na kuongeza nguvu wakati wa kupumzika. Kwa hiyo mwalimu mjuzi huongeza mzigo kidogo kidogo, hufuatisha siku ngumu kwa siku nyepesi, huulizia usingizi na chakula, na humzuia mwanafunzi asikimbie juu ya maumivu. Kijana ambaye mifupa yake ingali ikikua anahitaji uangalizi huo zaidi. Elimu hiyo ina hesabu ndani yake, ina baiolojia, ina kuandika kumbukumbu. Anayeiacha shule leo anajifungia pia mlango huo wa kesho.

Kijana akaniuliza, "Mjomba, na nafasi hii ikipotea?"

Nikamjibu, "Nafasi inayotaka wewe uache shule kesho na mama auze ng'ombe leo, faida yake ni ya aliyeileta."

Dada alinyamaza kwa muda, kisha akasema ng'ombe watabaki zizini. Yule wakala alipoelezwa kwamba fedha hazipo, hakupokea simu tena.

Tulikubaliana na mwalimu wa michezo wa shule amsimamie siku tatu kwa wiki, baada ya Alasiri, na kijana awe nyumbani kabla ya Magharibi. Ana daftari anamoandika umbali, muda na saa alizolala. Bado ana kinyongo kidogo nami, na simlaumu, kwani katika umri wake mwaka mmoja wa kungoja ni mrefu.

Wazazi wenzangu, tusiwavunje vijana moyo wanapokimbia. Mwili wenye afya ni amana, na kipaji ni neema. Lakini akija mtu kumtaka mtoto wako kwa ajili ya mbio zake, muulize ni nani atakayemfundisha, masomo yake yataendeleaje, na akiumia nani atamtibu. Mwenye nia njema atakuwa na majibu, wala hatakuharakisha.