Hiki Mkono wa Nani?

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo washikaji wa kijiweni kwetu wanalijua tayari, ila nyie wasomaji bado. Mimi, mwanamume mzima, najua kufuma vitambaa. Vile vya makochi, ndiyo. Sisemi najua sana. Najua kama anavyojua Kiingereza mtu aliyefeli mtihani: nikisikia naelewa, nikisema watu wanacheka.

Sikuanza kwa kupenda. Wenzangu wengi burudani zao wamezichagua wenyewe, huyu gitaa, yule karata. Yangu ililetwa nyumbani na bodaboda. Ilikuwa mwaka 2017, nina miaka 23, tunaishi Temeke. Mama alikuwa anarudi kutoka sokoni Tandika, bodaboda ikamkwepa mtoto, ikalala, na mama akaangukia kiganja cha kulia. Dereva hakuchubuka hata ukucha. Hospitalini wakapiga picha, wakasema mfupa wa kifundo umepasuka, wakamfunga hogo kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Wiki sita.

Alipofika nyumbani hakulalamikia maumivu. Aliliangalia kapu lake la uzi pembeni mwa kitanda, kisha akasema, "Na vitambaa vya watu je?"

Hapo moyo wangu ukaruka, maana mimi ndiye niliyejua habari za vitambaa vya watu kuliko alivyodhani. Ilikuwa oda ya vitambaa 12: kimoja cha meza kubwa, saba vya migongo ya makochi, na vinne vya mviringo vya kuweka juu ya vistuli. Mwenye oda alikuwa na binti anayeolewa, na vitambaa vilitakiwa viwepo kabla ya siku ya kuagwa bibi harusi. Arubuni ilikuwa imetoka, shilingi 40,000. Na arubuni ile niliila mimi. Nilikuwa nimeandika hadithi, nikasikia kuna shindano, nikamlilia mama kuwa bila kuchapwa vizuri stesheni na bila nakala tatu zilizobanwa nitaonekana mshamba. Mama hakuuliza hadithi inahusu nini. Alifungua pindo la khanga akanipa.

Basi, zilibaki wiki tano. Vilikuwa vimekamilika vitambaa saba. Cha nane kilikuwa nusu, bado kinaning'inia kwenye sindano. Vile vinne vya vistuli havijaanzwa. Arubuni ya kurudisha hakuna.

"Nifundishe," nikamwambia.

Mama akacheka mpaka akashika hogo lake. "We mtoto, kifungo cha shati hujui kukishona."

Kwa wale wasioijua kazi hii, sindano ya kufumia haina tundu. Ni kijiti cha chuma chenye kichwa kilichochongwa kama ndoano. Unakuwa na kitanzi kimoja kwenye sindano, unachota uzi, unauvuta ndani ya kitanzi, unapata kitanzi kipya. Ndiyo hivyo tu! Ukirudia hivyo unapata mnyororo. Ukizungusha uzi kwanza kwenye sindano kabla ya kuchomeka kwenye mnyororo, unapata kijiti kirefu ambacho mama anakiita nguzo. Karibu kila kitambaa kwenye kapu la mama ni minyororo na nguzo, basi. Nilipoambiwa hivyo nikajiona nimeshafaulu.

Sindano ya mama ilikuwa nyembamba kama kijiti cha kuchokonolea meno, na uzi wake wa pamba mwembamba vilevile. Alininyima vyote viwili. Alinitoa kwenye kapu sindano nene, imeandikwa 4 kwenye mpini, na mabaki ya uzi mnene wa sweta, rangi ya maziwa. Nikataka ule mweusi, niliuona wa kiume. "Mweusi hutaona vitanzi vyako," akasema. "Anayejifunza anafumia uzi mweupe na mnene, aone dhambi zake."

Na dhambi niliziona. Siku ya kwanza nilifuma mnyororo mgumu kama kamba ya viatu, kwa sababu nilikuwa nauvuta uzi kama naufunga mzigo kwenye keria ya baiskeli. Sindano haikuingia tena popote. Siku ya pili nilianza kipande cha pembe nne, nguzo ishirini kila mstari. Nilipofika mstari wa kumi kilikuwa kimekuwa pembe tatu. Mama akakaa karibu yangu, mkono wake wa hogo juu ya mto, akaniambia nihesabu. Mstari wa kumi ulikuwa na nguzo kumi na moja. Kila nilipogeuza kazi nilikuwa naisahau nguzo ya mwisho, kwani ya mwisho ile siyo nguzo kamili, ni mnyororo wa vitanzi vitatu unaosimama badala ya nguzo, na jicho la mwanafunzi halioni kama ni kitu. Mstari mmoja, nguzo moja. Unaibiwa kidogokidogo na hushtuki.

"Fumua," mama akasema.

Neno hilo nilikuja kulichukia. Kufumua hakuchukui muda, na hiyo ndiyo dharau yake. Kazi ya saa mbili ukivuta ncha ya uzi inakwisha wakati chai haijapoa: tr-r-r-r, mstari baada ya mstari, mpaka unabaki na uzi uliojikunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko. Mara ya kwanza nilibishana. Nikasema makosa mengine hayaonekani. Mama akanijibu kuwa nguzo iliyokosekana mstari wa pili itadaiwa mstari wa kumi, na riba juu.

Tatizo lilikuwa mama mwenyewe hakujua anajua nini. Amefuma tangu mimi niko chekechea, sare zangu zote za shule zilitoka kwenye migongo ya makochi ya watu, na mkono wake ulikuwa unakwenda huku anaangalia tamthilia. Sasa alitakiwa aseme kwa mdomo kile ambacho mkono ulifanya bila kumwuliza. "Unachukua uzi, unafanya hivi..." halafu anainua hogo, vidole vinachungulia vimevimba, na 'hivi' haipo. Akawa anakasirika. Siyo na mimi. Mara moja alijaribu kwa mkono wa kushoto, sindano ikadondoka, akanyamaza kwa muda mrefu.

Wiki ya pili habari zikafika kijiweni. Dogo wa jirani alinichungulia dirishani. "Oya, nasikia maza amepata binti!" Kicheko kikaanzia hapo mpaka kona ya kituo cha daladala. Jamaa mmoja akaniuliza nitaolewa lini. Niliumia, sifichi. Nilirudi nyumbani nikalitupa kapu chini ya kitanda.

Mama akaniuliza, fundi aliyeshona suruali yako ni mwanamke? Nikasema hapana, ni mzee wa pale barazani, ana cherehani. "Mbona yeye hamumcheki?" Halafu akanikumbusha babu, baba yake, aliyekuwa mvuvi Kilwa Kivinje. Jahazi likirudi, wanaume walikuwa wanakaa chini ya mkungu na nyavu mapajani, wanashona matundu, mchana kutwa, wanapiga soga. Samaki akichana wavu, mwanaume ndiye anayeketi na uzi. Nikajiuliza tofauti iko wapi. Nadhani cherehani ina chuma na kelele, na wavu una samaki. Kitambaa cha kochi hakina cha kujitetea nacho. Niliwaambia hivyo kijiweni, hawakushawishika hata mmoja, na mimi nilianza kufumia uani badala ya chumbani.

Nilipohamia kwenye vitambaa vya mviringo ndipo nilipopata ajabu yangu. Mama alisema: anza na nguzo 12 katikati, na kila mzunguko uongeze 12 nyingine, kitalala chapa mezani. Mimi nilisahau kuongeza. Kitambaa kikainuka kingo, kikawa bakuli, halafu kikawa kofia kamili. Mtoto wa mpangaji wa chumba cha mbele alikivaa mpaka kikapotea. Kilichofuata nikaongeza kupita kiasi ili kulipia kosa, kikawa na mawimbi pembeni kama jani la saladi. Nikakifumua kwa hasira. Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1997 mwanahisabati mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifuma kwa makusudi mawimbi ya namna ileile, anaongeza vitanzi kwa uwiano usiobadilika, ili wanafunzi washike mkononi aina ya uso uliopinda ambao kwenye karatasi ulikuwa unachanika. Kumbe yule alikuwa anajua anaongeza ngapi. Mimi nilikuwa nakisia.

Vinne vya vistuli nilivimaliza kwa sindano nyembamba ya mama katika wiki ya nne, kila kimoja siku tatu au nne, kazi ambayo yeye angeifanya kwa jioni moja. Katikati uzi ukaniishia. Nikaenda Kariakoo, nikaona kidonge cha rangi ileile, nikanunua, nikarudi kifua mbele. Kwenye mwanga wa uani kikawa cha njano kidogo kuliko cha kwanza. Mama akanionyesha kwenye karatasi ya uzi: ipo namba ya rangi, na ipo namba ya pipa lililotiwa rangi siku hiyo. Ya kwanza ilifanana, ya pili haikufanana. Ilibidi nirudi Kariakoo, kugeuzageuza vidonge dukani huku muuzaji ananikodolea macho, mpaka nikapata viwili vya pipa moja na cha kwetu. Nauli iliniuma.

Kilichobaki ni kile cha nane, kile cha nusu.

Kilikuwa cha pembe nne, cha vijumba vijumba: kijumba kitupu, kijumba kilichojazwa nguzo, na vile vilivyojazwa ndivyo vinavyochora ua la waridi. Mama alikuwa amefika katikati ya ua. Nilikaa nacho jioni nzima bila kugusa, nasoma mstari wake wa mwisho. Hapo ndipo niliposoma kazi ya mtu kwa mara ya kwanza, nasema kusoma kweli. Niliona alipovuta pumzi. Niliona mstari mmoja uliobana kuliko mingine, nikamwuliza, akafikiri, akasema, "Hiyo ni siku mwenye nyumba alikuja kudai kodi." Nikaendelea kutoka pale alipoishia. Nilihesabu kila kijumba, sikukosa hata kimoja. Ua likafunga.

Tuliviloweka vyote kwenye maji ya wanga wa muhogo, tukavivuta na kuvibana na pini juu ya godoro vikauke. Wanga ni rafiki wa mwanafunzi, unasitiri mengi. Lakini cha nane, hata kilipokauka, kilikuwa na mstari katikati. Hakuna kosa pale, ukihesabu kila kitu kipo. Nusu ya juu imelala kama ngozi, nusu ya chini imekaza, na waridi limepata upande mpana na upande uliokonda.

Mwenye oda akaja Jumamosi. Nikamwamkia, akaitika, akakaa, akavitandaza kimoja kimoja juu ya mkeka. Vile vinne vya vistuli alivigeuza, akavipanga bila neno, nikashusha pumzi. Akafika cha nane. Alipitisha kidole kutoka juu kwenda chini, kidole kikasimama palepale.

"Hiki mkono wa nani?"

Nilitamani kusema ni uzi, ni wanga, ni joto. Mama akasema, "Juu mkono wangu. Chini mkono wa mwanangu, huyu hapa. Na hivi vinne pia."

Yule mama aliniangalia kwa muda. Hakucheka. Alilipa salio, akatoa 5,000, akatuachia cha nane. "Dada ukipona utanitengenezea," akasema. Haki yake. Binti aliolewa, makochi yake yana vitambaa 11, au mtu aliwahesabia upya, sijui.

Shindano la hadithi halikunijibu. Siku moja niliitoa nakala yangu nikaisoma kwa jicho lile la kuhesabu, nikaona ukurasa wa tatu kuna kitu sikukishika, na kuanzia pale hadithi yote inazidi kukonda. Nilichana kuanzia pale. Saa ngapi? Chai ilikuwa haijapoa.

Hogo likatolewa. Mkono wa mama ulitoka mwembamba, mweupe mweupe, unanuka unga. Jioni ileile akaomba kitambaa cha nane. Nikajua anachotaka. Akaivuta ncha, tr-r-r-r, nusu yangu yote ikarudi kuwa uzi mapajani mwake, nami nikawa nauzungusha kwenye kidonge, mpaka akafika kwenye mstari wake. Akashika sindano. Nguzo ya kwanza, ya pili, kijumba kitupu. Vidole havikukunjika sawa. Uzi ukalegea, kisha ukabana, nguzo moja fupi, moja ndefu. Zilikuwa mbaya kuliko zangu. Nikageuza uso niangalie kitu kingine.

"Nyanyua hiyo taa," akaniambia.

Nikanyanyua. Akazihesabu kwa kucha, akafumua, akaanza tena.